Walichosema na walichokifungia: kisa cha redio za P25 nchini Marekani

Agosti 2011, katika kongamano la usalama wa kompyuta la USENIX mjini San Francisco, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Matt Blaze akiwa miongoni mwao, waliwasilisha matokeo ya kazi ya miaka miwili. Walikuwa wametega redio za kupokea katika maeneo kadhaa ya miji mikubwa ya Marekani, wakisikiliza masafa ya vyombo vya upelelezi vya serikali ya shirikisho, vinavyotumia redio za dijitali za kiwango cha P25. Maofisa waliokuwa wakizungumza kwenye masafa hayo waliamini redio zao zinasimba kila neno, yaani zinaligeuza lisieleweke na asiye na ufunguo. Haikuwa hivyo. Kwa wastani, katika kila eneo, zaidi ya dakika 20 za mazungumzo nyeti zilipita hewani wazi kila siku: majina ya watoa habari, wajihi wa askari kanzu, magari yanayofuatilia washukiwa, mipango ya kukamata watu kabla haijatekelezwa.

Mtu yeyote mwenye skana ya dijitali, yaani redio ya kupokea inayopekua masafa, angeyasikia. Ndiyo maana kisa hiki nakiona ni chetu sisi wapenzi wa skana, zaidi hata ya kilivyo cha wataalamu wa kompyuta. Watafiti hawakuvunja msimbo, hawakuiba ufunguo, hawakuingia kwenye mtambo wa mtu. Walitumia redio zinazouzwa kwa umma, antena na uvumilivu, vitu vile vile vilivyo mezani kwa kila anayeifanya kazi hii kwa mapenzi tu.

Swali ambalo kila anayeanza huliuliza mapema ni hili: nikinasa kitu kwenye mfumo wa serikali, kipi nikiseme na kipi nikiache? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba kilicho hewani ni cha wote. Siliamini jibu hilo, na kisa cha 2011 kinaonyesha kwa nini halitoshi. Watafiti wale walisema mengi, tena kwa sauti kubwa na kwa majina yao. Lakini hawakutaja miji, hawakuchapisha orodha ya masafa waliyoyasikiliza, wala hawakuweka rekodi za sauti mtandaoni. Na vyombo vinavyohusika vilikuwa vimeshaarifiwa kabla matokeo hayajatoka. Ukiyasoma maelezo yao unaelewa kasoro mwanzo hadi mwisho, na bado huwezi kuyatumia kumpata ofisa hata mmoja.

Tuanze na mfumo wenyewe. P25 ni kiwango cha redio za dijitali kilichoanza kubuniwa mwaka 1989 chini ya APCO, chama cha watu wa mawasiliano ya usalama wa umma, ili polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa waweze kusikilizana hata kama redio zao zimetoka viwanda tofauti. Pamoja na sauti husafiri taarifa za pembeni: msimbo wa mtandao, namba ya kundi la mazungumzo, namba ya redio inayozungumza, na alama inayosema kama sauti imesimbwa na kwa algoridhimu gani. Programu za kupokea huionyesha alama hiyo kwenye skrini. Ikisomeka 80 kwa heksadesimali, sauti iko wazi. Ikisomeka 84, imesimbwa kwa AES, algoridhimu yenye ufunguo wa biti 256. Ufunguo unahitajika kwa sauti tu. Alama inaonekana na kila mtu.

AES haikuwa na tatizo. Tatizo lilianzia kwenye kidole.

Katika redio za mkononi zilizotumika sana wakati ule, kusimba kulikuwa kunawashwa kwa swichi ndogo ya kuzungusha iliyo juu ya redio, pale pale penye kirungu cha kuchagua njia. Swichi ina alama mbili. Moja ni duara tupu, nyingine ni duara lililokatwa na mstari. Duara tupu lina maana uko wazi. Lililokatwa lina maana umesimba. Mpe mtu asiyejua redio alama hizo mbili umuulize ipi ni ya usalama, na hatakuwa wa kulaumiwa akikosea, kwa sababu alama iliyokatwa na mstari kwa kawaida humwambia mtu kwamba kitu kimezimwa au kimekatazwa. Sasa mpe ofisa aliye garini usiku, redio imelala pajani, macho yako kwenye mlango wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Kidole kinagusa swichi bila yeye kujua. Redio haigomi. Inaendelea kurusha kama kawaida.

Ubaya wenyewe uko upande wa pili. Redio za wenzake, ambazo zimewekwa kusimba, zinapokea sauti yake iliyo wazi bila kipingamizi chochote na kuitoa kwenye spika vizuri tu. Wanamjibu, na majibu yao yanatoka yamesimbwa. Mazungumzo yanakwenda, hakuna anayehisi kitu. Anayehisi ni mtu wa skana aliye mbali, anayesikia upande mmoja wa mazungumzo na mngurumo upande wa pili.

Watafiti walizigawa sababu katika mafungu matatu. La kwanza ni hilo la mtu mmoja kujisahau. La pili ni kundi zima kuwa wazi huku kila mmoja akidhani wamesimba. La tatu ni funguo: mmoja wao hana ufunguo wa sasa, haelewani na wenzake, basi kundi zima linaamua kuzungumza wazi ili kazi isilale. Fungu hilo la tatu lilisababishwa kwa kiasi fulani na utaratibu wa kubadilisha funguo mara kwa mara, utaratibu unaoonekana kuongeza usalama lakini ukiwaacha watu uwanjani bila ufunguo. Ushauri wao ukafuata humo humo: msibadilishe funguo kila kukicha, na zipangeni redio ili njia nyeti isimbe yenyewe bila kutegemea swichi.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa kazi yao. Mkuu wa mawasiliano wa chombo chochote angeweza kuichukua karatasi ile asubuhi na kuanza kurekebisha redio zake jioni, bila kuhitaji kujua masafa gani yalisikilizwa au operesheni ya nani ilivuja. Maelezo ya kasoro yalijitosheleza. Ushahidi mbichi haukuongeza kitu kwa anayetaka kurekebisha. Ungeongeza kwa anayetaka kudhuru tu.

Sheria ya Marekani haikuwa kizuizi kwao. Sheria ya faragha ya mawasiliano ya kielektroniki ya mwaka 1986 inaruhusu kupokea mawasiliano ya redio ya serikali, polisi, zimamoto na ulinzi wa raia, mradi yanapatikana kirahisi kwa umma. Yaliyosimbwa hayahesabiwi humo. Baadhi ya majimbo yana masharti yake kuhusu kubeba skana ndani ya gari. Na kifungu cha 605 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kilitenganisha tangu zamani kunasa mawasiliano na kuyatangaza au kujinufaisha nayo. Ruhusa ya kusikiliza ipo, basi, lakini anayetaka kuchapisha aisome sheria yenyewe, asitegemee maneno ya wenzake.

Kinachowachanganya watu zaidi ya sheria ni neno lenyewe "masafa ya serikali", kwa sababu humo ndani mna vitu visivyofanana hata kidogo. Masafa ya miji, kaunti na majimbo yana leseni za FCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, na kanzidata ya leseni hizo iko wazi kwa dunia nzima: utakuta jina la mwenye leseni, masafa, nguvu za kurushia, hata mahali minara ilipo. Anayeandika kwamba zimamoto wa kaunti fulani wako masafa fulani amenakili kitu ambacho serikali yenyewe imekianika. Masafa ya serikali ya shirikisho yanapita mlango mwingine. Hugawiwa na NTIA, chini ya Wizara ya Biashara, na orodha ya nani kapewa masafa gani haifunguliwi kwa umma. Kilicho wazi ni mikanda tu, na miwili mikubwa ya redio za mkononi na za magari inajulikana na kila mtu: megahezi 162 hadi 174, na 406.1 hadi 420. Ukiikata kwa njia za kilohezi 12.5 unapata njia zaidi ya 2,000.

Na hata humo si kila kitu kimefichwa. Katika mkanda huo huo wa kwanza, kati ya megahezi 162.400 na 162.550, mna njia saba za NOAA, idara ya serikali ya bahari na hali ya hewa, zinazotangaza hali ya hewa mchana na usiku, na serikali inatamani kila mtu azisikilize. Kuna pia mwongozo wa mfukoni uitwao NIFOG, unaotolewa na serikali yenyewe, wenye njia za kitaifa ambazo vyombo tofauti hukutania wakati wa maafa. Kwa hiyo anayesema "usitaje masafa yoyote ya shirikisho" anakataza hata utabiri wa mvua, na anayesema "taja yote" anaweka redio ya hali ya hewa na redio ya anayemfuatilia muuza silaha kwenye mizani moja. Mimi huuliza kwanza: taarifa hii nimeikuta wapi? Kama mwenye mfumo ameichapisha, naipitisha. Kama imetoka kwenye skana yangu tu, napunguza mwendo.

Kupunguza mwendo kunakuwaje? Chukua mstari mmoja wa kumbukumbu kama tunavyouandika wengi wetu: tarehe na saa, masafa, msimbo wa mtandao, kundi la mazungumzo, namba ya redio, alama ya usimbaji, mahali nilipokuwa, na muhtasari wa kilichosemwa. Weka mstari huo mbele ya kisa cha 2011, kisha upitie kipengele kwa kipengele.

Alama ya usimbaji inaonekana haina madhara. Kusema "hapa kumesimbwa" ni kama kusema hujasikia kitu. Lakini fikiri jinsi mtu angeitafuta njia nyeti miongoni mwa njia 2,000. Hawezi kusikiliza zote. Angeanza na zile zinazosimba, kwa kuwa watu hawahangaiki na funguo kwa ajili ya kuagiza mafuta ya gari. Usimbaji ndio unaoonyesha pa kuchimba. Orodha ya masafa ya shirikisho katika mji mmoja, ikiwa na safu inayosema yapi yanasimba daima, inampunguzia kazi hiyo kwa miezi. Kwa mfumo wa kaunti, ambao kundi la kikosi maalumu limeshajulikana kuwa limesimbwa na kaunti imesema hivyo, safu hiyo haina shida. Kwa shirikisho, mimi naiacha kwenye daftari.

Sasa ongeza habari kwamba njia iliyokuwa ikisimba leo iko wazi. Hiyo ndiyo habari inayosisimua kuliko zote, na ndiyo ya kushikwa kwa nguvu kuliko zote. Mtu amekosea swichi. Kosa litadumu saa moja, au wiki. Ukiliandika mbele ya watu elfu, unawaita waje wasikilize wakati kosa linaendelea. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Watafiti walikuwa na dakika hizo kwa mamia, na hawakumwita mtu.

Namba ya redio, kwa maoni yangu, ndiyo inayodharauliwa kuliko inavyostahili. Ni namba ya biti 24 inayotambulisha kifaa kimoja, na watafiti walionyesha kwamba mara nyingi inasafiri wazi hata pale sauti imesimbwa, ingawa kiwango kinaruhusu kuificha. Fuata matokeo yake. Ofisa anajisahau mara moja tu, anazungumza wazi, na katika mazungumzo hayo anaitwa kwa jina au anataja gari lake. Kesho yake amerudi kusimba, humsikii tena. Lakini namba ni ile ile. Kuanzia hapo, kila inapotokea, anayeijua anajua nani yuko karibu, saa ngapi, na pamoja na namba gani nyingine, bila kusikia neno lolote. Kosa la sekunde chache linageuka kuwa kitambulisho cha kudumu mpaka redio ipangwe upya. Wapo wenzetu wanaokusanya namba hizi na kuzipa majina: hii ni gari la ngazi, hii ni mkuu wa zamu. Kwa zimamoto ni kazi nzuri inayomsaidia msikilizaji kuelewa anachosikia. Kwa askari kanzu ni kumvua kanzu.

Mahali nilipokuwa na muhtasari wa kilichosemwa havihitaji maneno mengi. Cha kwanza kinasema ishara inafika wapi, na kikiunganishwa na saa kinasema watu wako mtaa gani. Cha pili ndicho kilichokuwa na majina ya watoa habari.

Msimbo wa mtandao na kundi la mazungumzo vinategemea mfumo. Kwenye mfumo wa jimbo ambao wananchi wameulipia na mpangilio wake umechapishwa, viandike. Jinsi mfumo unavyofanya kazi, minara inavyogawana njia, kwa nini awamu ya pili ya P25 inaingiza mazungumzo mawili ndani ya njia moja, kwa nini sauti inakatika ukiwa kati ya minara miwili inayorusha pamoja: haya yote ni elimu, na sijawahi kuona sababu ya kuyaficha. Naumia nikiona mtu aliyejifunza mengi ananyamaza kabisa kwa hofu, kisha wanaoanza wanabaki na wale wanaosema lolote.

Mle ndani ya kazi ya 2011 kuna sehemu iliyozua mjadala zaidi. Watafiti walionyesha pia kwamba P25 inaweza kuvurugwa kwa nguvu ndogo sana, na walifanya hivyo maabara kwa kutumia kifaa cha bei rahisi cha watoto kutumiana ujumbe. Je, hilo lilistahili kutangazwa? Nadhani lilistahili, kwa sababu udhaifu ule umo katika muundo wa kiwango chenyewe na hakuna chombo kimoja kingeweza kuurekebisha kimya kimya. Wanaoandika viwango, wanaonunua redio na wanaotegemea redio hizo kuokoa maisha yao walipaswa kujua. Lakini hoja hiyo inamtosha mtafiti mwenye uwezo wa kuzungumza na wanaoandika viwango. Mimi mwenye skana sina la kuongeza hapo kwa kurudia namna ya kufanya. Skana hupokea, jambo lolote linaloanza na kurusha kwenye masafa ya dharura limeshatoka nje ya mapenzi yetu na kuingia kwenye uhalifu.

Wengine hupinga hivi: ukinyamaza, serikali haitarekebisha kamwe. Hoja hiyo ina uzito, na Slovenia inaonyesha upande wake mchungu. Huko mwanafunzi mmoja, akitumia kipokezi cha bei ndogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, aligundua kwamba mfumo wa TETRA, kiwango kingine cha redio za dijitali, unaotumiwa na polisi haukuwa umesimbwa ipasavyo. Aliwaarifu wenye mamlaka mwaka 2013. Alipoona hakuna kinachofanyika, mwaka 2015 habari ikachapishwa. Mwaka 2016 mahakama ilimpa kifungo cha miezi 15 kilichoahirishwa, kesi ikiwa imechanganyika na mashtaka mengine yasiyohusu redio. Alitoa taarifa kwanza, na bado aliishia kizimbani.

Tofauti ya visa hivi viwili haiko katika uaminifu wa wahusika peke yake. Watafiti wa Pennsylvania walikuwa na chuo nyuma yao, na sheria iliyoruhusu kupokea kilicho wazi. Mwanafunzi wa Slovenia alikuwa peke yake. Kwa hiyo kumwambia mtu mmoja mmoja "wewe toa taarifa tu, watakushukuru" ni kumdanganya. Nchini Marekani kuna njia ya kupitia mtu wa tatu: CERT/CC ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon hupokea taarifa za udhaifu, humfikia mwenye mfumo au mtengenezaji, na kwa utaratibu wake wa kawaida hutangaza baada ya siku 45. Muda huo ndio dawa ya ukimya wa serikali. Anayejua kwamba habari itatoka siku fulani ana sababu ya kufanya kazi, na anayeitoa ana ushahidi kwamba hakukurupuka. Njia hiyo inafaa kwa kasoro ya kifaa au kiwango. Kosa la swichi la kikosi kimoja ni la kupelekwa kwa kikosi chenyewe.

Ilivyofanyika kwa TETRA baadaye inaonyesha kwamba muda unaweza kuwa mrefu na bado ukweli ukatoka wote. Watafiti wa Uholanzi wa Midnight Blue waliwafikishia wenye mamlaka udhaifu waliougundua mwishoni mwa 2021, ukiwemo ule wa algoridhimu ya TEA1 ambayo ufunguo wake wa biti 80 ulikuwa unapunguzwa kimyakimya kuwa biti 32. Umma uliambiwa Julai 2023. Ni mwaka mmoja na nusu. Ni mrefu, lakini mifumo ya aina hiyo ina redio maelfu zinazopaswa kushikwa moja moja mkononi.

Muda una kazi nyingine pia, na hii ndiyo inayotugusa kila siku. Baadhi ya habari huchacha. Tarehe 19 Aprili 2013, polisi walipokuwa wakimsaka mshukiwa wa milipuko ya mbio za Boston huko Watertown, maelfu ya watu walisikiliza redio za polisi mtandaoni na kuandika walichosikia nyumba kwa nyumba, mpaka polisi wa Boston wakaomba hadharani watu wasitangaze mahali askari wanakopekua. Mahali hapo hapo, siku mbili baadaye, hapakuwa siri tena. Chicago ilipoanza kusimba redio za polisi wake, iliacha umma usikilize kwa kuchelewa dakika 30. Wanahabari walilalamika, na nawaelewa, kwa sababu nusu saa ni ndefu kwa anayetaka kuwaona polisi wakiwa kazini. Angalau wazo la kuchelewesha linakubali kwamba msikilizaji ana haki fulani. New York ilipoanza mwaka 2023 kuhamishia redio za polisi kwenye mfumo uliosimbwa, wasikilizaji hawakupewa hata hiyo nusu saa.

Habari nyingine hazichachi. Jina la mtoa habari lililosikika mwaka 2010 linaweza kumuua leo. Hapo kuchelewesha hakusaidii. Kilichobaki ni kutolihifadhi kabisa. Ndiyo maana nashauri kuangalia si masafa tu bali faili za sauti. Programu nyingi hurekodi zenyewe usiku kucha, na mtu anaweza kuwa na gigabaiti za mambo asiyoyajua kwenye diski iliyounganishwa na intaneti. Kama umenasa kosa la swichi la chombo cha upelelezi, andika kasoro, futa sauti. Hata kwenye redio za kawaida za zimamoto na wagonjwa, anwani ya mgonjwa na maelezo ya maradhi yake hayana sababu ya kubaki. Rekodi ya tukio ambalo polisi wanatuhumiwa kukosea ni jambo jingine; hiyo ihifadhiwe, na ikitolewa itolewe baada ya tukio, majina ya waathiriwa yakiwa yamekatwa.

Tuseme basi usiku wa leo umesikia kile walichosikia watafiti wale. Barua kwa chombo kinachohusika, kama umekitambua, iwe fupi: "Tarehe fulani, kati ya saa fulani na fulani, kwenye masafa haya, redio yenye namba hii ilirusha wazi huku nyingine kwenye njia hiyo hiyo zikiwa zimesimbwa. Mazungumzo yalikuwa nyeti. Sina rekodi na sijamweleza mtu mwingine. Inaonekana ni swichi au ufunguo. Naomba mnijulishe mkishapokea." Hapo masafa na namba vinakwenda kwa anayevihitaji. Usiambatishe sauti, na usitaje ulichosikia zaidi ya neno "nyeti".

Kwa wenzako unaweza kuandika hivi, wiki kadhaa baadaye: "Nimeshuhudia P25 ya shirikisho ikirusha wazi kwenye njia inayosimba, upande mmoja wa mazungumzo tu. Inalingana na yaliyoelezwa mwaka 2011 kuhusu mtu mmoja kujisahau swichi. Wahusika wameshaarifiwa." Mtu akiuliza ni masafa gani, mjibu kwamba hutayataja, kisha mweleze alama ya 80 na ya 84 zinavyosomwa, kwa sababu hilo litamfaa kwenye mfumo wowote atakaousikiliza.